Mshindi wa Kila Mahali Isipokuwa Marangu

Zamani mtu aliyepanda baiskeli huko Marangu alijua kwamba amepanda kitu kilichomweka juu ya wenzake, naye aliona haya kidogo. Akikutana na mkubwa njiani alishuka. Baiskeli aliishika kwa mkono wa kushoto, kofia akaivua kwa mkono wa kulia, ndipo akaamkia. Hakuna aliyeamkia kutoka huko juu kama ndege kwenye tawi. Siku hizi kijana anapita mbio juu ya pikipiki, masikio ameyaziba kwa muziki, na mzee akikohoa ili aonekane, anapigiwa honi. Vumbi likitulia mzee anabaki na shikamoo ambayo hakupewa, na hakuna ofisi ya kuidai.

Lakini alibaki mmoja aliyeshuka, naye, kwa bahati mbaya, kazi yake ilikuwa mashindano ya baiskeli.

Eliudi alilelewa na babu yake Gidioni na bibi yake Aikande, katika kihamba chao, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kando ya barabara inayopanda kutoka Himo. Watu walimwita babu Meku, yaani mzee kwa Kichagga, na walilitaja neno hilo kwa sauti ya chini kidogo. Gidioni alimpa mjukuu baiskeli yake nyeusi, nzito kama mlango wa kanisa, akampa na sheria moja tu.

"Baiskeli haina ukoo," alimwambia. "Wewe unao. Ukikutana na mkubwa, shuka."

Mara moja tu Eliudi alijaribu kuivunja. Alikuwa bado mtoto wa shule, mteremko ulikuwa mtamu, akampita Bibi Mektrida, jirani yao, na kumrushia shikamoo kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Habari ilifika nyumbani kabla yake. Namna ilivyofika hajui hadi leo. Gidioni alimgeuza pale pale mlangoni, akamwamuru arudi kwa miguu, akiikokota baiskeli, akaamkie upya. Bibi Mektrida alikuwa amekwenda sokoni Himo. Eliudi akamfuata Himo. Akampata katikati ya wauza vitunguu, akavua kofia, akaamkia. Bibi Mektrida akajibu marahaba, kisha akampa mkungu wa ndizi amrudishie nyumbani, kwa kuwa yupo na baiskeli.

Hakurudia tena.

Alipomaliza shule akawa anapeleka maziwa kwenye hoteli za Himo. Madumu yalining'inia pande zote mbili za baiskeli. Kushuka ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kupanda, maana njia nzima ilijaa wakubwa: mmoja anapalilia migomba, mwingine amesimama tu akiangalia nani anapita, mwingine ametoka kanisani. Kwa kila mmoja Eliudi alishuka. Na kuamkia kwa kule si neno moja. Unaulizwa habari za nyumbani, habari za ng'ombe, habari za ndama, kama kahawa imeshika maua, na kama ule mgomba ulioanguka juzi uliinuliwa. Ndipo unaruhusiwa kupanda tena, mlimani, kutoka kwenye kusimama kabisa. Na kwa kuwa bibi alikuwa akisubiri madumu ayaoshe, Eliudi alilazimika kukanyaga kwa nguvu zake zote kutoka kwa mzee mmoja hadi kwa mzee mwingine.

Hivyo ndivyo alivyopata miguu yake.

Godwin, kocha wa timu ya baiskeli ya Moshi, alimwona siku moja akiwa ndani ya gari lake. Godwin alikuwa kijana wa Machame aliyesomea michezo Ulaya na kurudi na saa inayohesabu mapigo ya moyo. Mbele yake aliona mtu mwenye madumu, juu ya baiskeli ya enzi za ukoloni, anasimama, anaongea, kisha anaruka mlimani kama aliyechomwa sindano. Akamfuata. Akaona tena. Akashusha kioo.

"Kaka, nani anakufundisha kuanza upya mlimani namna hiyo?"

"Wazee," akajibu Eliudi.

Godwin alidhani ni jina la klabu.

Basi Eliudi akawa mchezaji wa kulipwa. Akapewa baiskeli ya timu, nyepesi hadi Bibi Aikande alipoinyanyua kwa kidole aliguna kwa huruma, akauliza nusu yake nyingine iko wapi. Akapewa suruali ya kubana, ambayo Gidioni aliitazama kwa muda mrefu kisha akatazama migomba. Na akaanza kushinda. Alishinda Arusha. Alishinda Dodoma, alishinda Singida, na Mwanza aliwaacha wenzake nyuma hadi akafika kabla waliokabidhiwa utepe hawajaufungua. Sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuiona: huko kote hakuna aliyemjua yeye ni wa nani. Wazee wa Singida waliketi vivulini mwao wala hawakumdai chochote.

Shida ilikuwa nyumbani. Kila mwaka timu ilikuwa na mbio zake kubwa, kutoka Moshi mjini kupitia Himo hadi juu Marangu. Mwaka wa kwanza Eliudi alifika mlimani akiongoza peke yake. Mzee Sirili alikuwa kando ya barabara na jembe begani, amesimama kuona mbio. Eliudi akafunga breki. Akashuka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe si wa Gidioni?"

"Ndimi, babu."

"Hamjambo huko? Ng'ombe amezaa?"

"Amezaa, babu. Dume."

"Dume! Aa, poleni sana. Na yule wa kwanza naye si alizaa dume?"

Wakati huo Primus akatokea kwenye kona. Primus alikuwa wa timu hiyo hiyo, kijana wa mtaa wa Soweto pale Moshi, mwenye nguvu na mcheshi, aliyekulia kwenye lami na hajawahi kumshukia mtu yeyote isipokuwa askari wa barabarani.

"Eliudi, mzee baba! Nisalimie huyo babu!" akapaza sauti, akapita bila kuinua tako.

Mzee Sirili alimsindikiza kwa macho. "Na yule ni wa nani?"

"Wa Soweto, babu."

"Ndiyo maana."

Primus akashinda. Mwaka wa pili Godwin alileta mapatano: Eliudi asishuke, avue kofia tu huku akiendelea. Akaivua ile kofia ngumu kwa ajili ya Bibi Mektrida, na waamuzi wakamtoa mashindanoni palepale, kwa kuwa sheria inakataza kuendesha kichwa wazi. Primus akashinda. Mwaka wa tatu Godwin akamvalisha miwani myeusi.

"Ukivaa hii huoni mtu, sawa? Ni barabara tu," alimweleza.

Eliudi alijitahidi. Lakini Mzee Sirili alikohoa, na miwani haizibi masikio. Primus akashinda.

Safari hii Godwin hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwita Eliudi ofisini, kata ya Mawenzi, akamwambia taratibu, "Dogo, nakupenda. Lakini wafadhili wanakaa pale juu kwenye utepe, hawaendi Singida. Mwaka kesho ukishuka njiani, unaniachia baiskeli. Umeshatoka kwenye timu. Siwezi kukutetea tena."

Eliudi alirudi nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyokwenda. Hakuwa anajua kazi nyingine aliyoipenda zaidi ya ile. Akamweleza bibi yake jikoni, naye babu akasikia kutoka barazani, maana nyumba za siku hizi zina kuta nyembamba. Gidioni akakohoa tu, kama alivyokuwa akikohoa tangu mvua zianze.

Mwaka uliofuata, ilipobaki siku moja kabla ya mbio, Eliudi alipata wazo. Akatoka kwa miguu, akapita nyumba hadi nyumba, akawaamkia wakubwa wote wa njia ile, kisha akaomba shikamoo ile ihesabiwe ya kesho.

Wazee walikataa.

"Shikamoo ya kesho?" Bibi Mektrida alishika kiuno. "Kwani umeambiwa na nani kama kesho nitakuwepo? Nife nikiwa na salamu ya watu mkononi?"

Mzee Sirili alisema kwamba yeye habari za ng'ombe wa kesho anaziuliza kesho.

Eliudi akaenda Moshi kulala karibu na mahali pa kuanzia, moyo mzito. Asichojua ni kwamba alipoondoka tu Gidioni aliwaita wazee wote nyumbani kwake. Kulikuwa na mbege kidogo, pombe ya ndizi, maana mchungaji alikuwa safarini. Gidioni aliwaambia jambo ambalo hakuna aliyetegemea kulisikia mdomoni mwake.

"Kesho tujifiche."

Mzee Sirili akaweka kata ya mbege chini.

"Meku, tujifiche nani?"

"Sisi. Mtoto asipotuona, hatashuka. Asiposhuka, hafukuzwi kazi."

"Mimi nimfiche uso mtoto niliyemjua akiwa bila suruali?"

"Hata sasa suruali yenyewe unaiona ilivyo," akasema Gidioni. "Jificheni. Na mtu asimwambie."

Walikubali, kwa sababu ni Meku aliyeomba, na kwa sababu tangu wamfahamu hajawahi kuomba.

Siku ya mbio Eliudi alifika Himo akiwa na kundi la mbele. Barabara ilipoanza kupanda akawaacha mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake, Primus akiwa mbali kwenye kona za chini. Akawa anajiandaa kwa mzee wa kwanza. Alipanga kuamkia haraka. Akafika mahali pa Mzee Sirili. Hapakuwa na Mzee Sirili. Akafika kwa Bibi Mektrida. Mlango umefungwa, kigoda kimegeuzwa. Duka la pale kona limefungwa. Wala watoto hawakuwepo, wala vijana, kwa sababu ambayo angeielewa baadaye: mbio za baiskeli huonekana kila mwaka, lakini wazee wa ukoo wanaojificha kwenye migomba ni jambo la mara moja, na vijana wote walikuwa wamekwenda kuangalia hilo.

Godwin, aliyekuwa nyuma kwenye gari, alipaza sauti ya furaha kwenye kidude cha sikioni. "Njia nyeupe, dogo! Hakuna mtu! Kanyaga!"

Lakini Eliudi alikuwa akihesabu milango iliyofungwa. Pale mlimani barabara haiwi tupu mchana kweupe, maduka yakafungwa na milango ikafungwa, ila kwa sababu moja. Kuna msiba. Na watu wote wameelekea huko. Akakumbuka kikohozi cha babu yake kisichokwisha.

Alipofika kwenye njia ya kwao hakufunga breki kwa kusita. Alizifunga zote mbili, akairuka baiskeli, akaibeba begani, akakimbia kihambani akilia.

"Babu! Babu yangu!"

Uani hapakuwa na turubai wala viti. Bali nyuma ya kila mgomba mnene palikuwa na koti, au kilemba, au mgongo wa mtu aliyedhani mgongo hauonekani, na kando yao vijana na watoto wakitazama. Bibi Mektrida alikuwa amejifunika jani la mgomba kichwani. Bibi Aikande alikuwa ndani ya zizi, ubavuni mwa ng'ombe, akijifanya anakamua wakati ambao hakuna anayekamua. Na kwenye mfereji, ule wa zamani ulioleta maji tangu enzi za mababu na sasa unaleta matope na mifuko ya nailoni, alilala Gidioni kifudifudi, na koti lake la Jumapili.

"Babu! Uko hai?"

"Siko," akajibu Gidioni bila kuinua kichwa. "Hujaniona. Nenda."

Eliudi alisimama. Machozi yalikuwa bado yanamtoka, na mkono ulikuwa umeshafika kwenye kofia.

"Shikamoo, babu."

Gidioni akajizamisha zaidi kwenye tope.

"Shikamoo, babu," akarudia.

Gidioni hakuitikia. Alijua kwamba akisema marahaba atakuwa amekubali kuwa yupo, na akiwa yupo itabidi na wengine wawepo, na migomba ilikuwa na watu wengi. Na Eliudi naye alikuwa hawezi kuondoka. Mtu aliyeamkia bila kujibiwa anakwenda wapi? Hakuna mafunzo ya Ulaya yanayojibu swali hilo. Wakakaa hivyo, mmoja kasimama, mwingine kalala, huku kule barabarani minyororo ya baiskeli ikilia, na sauti ya Primus ikisikika ikiimba.

Bibi Aikande ndiye aliyetoka zizini, kamasi na manyoya ya ng'ombe begani.

"Mae! Wewe Gidioni, mpe mtoto marahaba yake aende! Unataka akae hapo mpaka mvua za masika?"

Gidioni akainua kichwa. Tope lilimjaa ndevu. "Marahaba!" akafoka. "Marahaba ya wote! Ng'ombe hajambo, ndama hajambo, mimi sijafa! Sasa panda!"

Eliudi akapanda. Wanasema hakuna aliyewahi kuona mtu akipanda mlima ule namna ile, akilia na kucheka, na jani la mgomba limenasa kwenye gurudumu. Alimkuta Primus kwenye kona ya mwisho. Primus akashinda kwa urefu wa baiskeli moja.

Godwin alishuka garini, akamtazama, akashika usukani wa ile baiskeli ya timu. Eliudi akauachia. Akaushika mkono wa Primus akampongeza, kisha akateremka kwa miguu, na suruali yake ya kubana, akiwaamkia wakubwa ambao sasa walikuwa wamerudi barabarani wakitazama chini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za ng'ombe.

Siku iliyofuata Gidioni alivaa koti lile lile, lililofuliwa na bado bichi, akakata jani kwenye mpaka wa kihamba chake, akaenda Moshi. Godwin alikuwa amekaa ofisini anaongea na simu. Mzee aliweka jani mezani, juu ya karatasi za timu.

Lilikuwa isale. Wengi leo wanalipita mipakani kote mlimani wakidhani ni mapambo. Lakini mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, na wewe huna ruhusa ya kukataa, hata kama amekuchomea nyumba. Godwin alilitazama lile jani. Akaikata simu. Akasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kumbe mnaweza kusimama."

"Babu, hilo jani…"

"Unalijua?"

"Nalijua, babu."

"Baba yako kule Machame alikufundisha?"

"Alinifundisha."

"Basi sina hotuba." Gidioni akavuta kiti, akakaa. "Kosa ni langu. Nilimficha mtoto wazee wake. Mtu hawezi kumficha mtoto wazee wake, halafu mtoto akienda kuwatafuta akafukuzwa kazi."

Godwin alijifuta jasho. Alitazama saa yake, nayo ikamwambia moyo wake unakwenda mbio. "Babu, siwezi kumfanya awe wa kushinda. Hiyo nafasi nimeshampa Primus. Iliyobaki haina sifa. Ni ya mtu wa kuwahudumia wenzake. Anarudi nyuma kwenye gari, anachukua maji, anawapelekea. Mwenzake akipasukiwa tairi, anashuka anampa la kwake."

"Anafanyaje?"

"Anampa tairi lake."

"Kabla ya hapo."

"Anashuka, babu."

"Anashuka, na analipwa?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Gidioni alisogeza kiti karibu na meza. "Na kazi hii," akauliza, "miaka yote mlikuwa mmeificha wapi?"

Tangu hapo Eliudi hajashinda tena, wala Singida. Amekwenda Kigali, amekwenda Nairobi, akiwa na chupa za maji mgongoni kama alivyokuwa na madumu, na aliowapa maji hayo hawamsahau. Primus husema bila yeye asingefika popote, na husema hivyo hata Eliudi akiwa hayupo.

Na mbio za Marangu bado zipo. Baada ya yale ya mferejini, Gidioni alitoa sheria mpya, na kwa mtu kama yeye ilikuwa kama kung'oa jino: siku ya mbio, mkubwa ndiye atangulie. Asisubiri kuamkiwa. Aseme marahaba kabisa, kwa sauti, mtoto akiwa bado mbali, ili mtoto abaki na shikamoo yake tu, aitoe akiwa njiani. Ni nusu ya desturi, tena nusu iliyosimama kichwa chini miguu juu, na wapo wazee wanaoisikitikia mpaka leo. Lakini wamekwishaona barabara isiyokuwa na chochote, na wanaijua ilivyo.

Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo mlima wote ulilia, "Marahaba! Marahaba!" na wageni wakadhani ndivyo huku watu wanavyoshangilia. Eliudi alipita akiwa na chupa zake, akijibu kulia na kushoto kwa pumzi iliyobaki, "Shikamoo! Shikamoo babu! Shikamoo bibi!" Mbele yake alikuwa Primus wa Soweto, aliyepokea marahaba nyingi kuliko alizowahi kupokea maishani, bila kumwamkia mtu hata mmoja. Alivumilia mpaka kwa Bibi Mektrida. Hapo akashindwa. Akageuza kichwa.

"Shikamoo!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyejikwaa.

Mzee Sirili akaegemea jembe. "Yule si yule wa Soweto?"

"Ndiye."

"Mh," akasema Mzee Sirili. "Lakini hajashuka."

Jioni, mbio zilipokwisha, Eliudi aliirudia ile baiskeli nyeusi ya babu yake, aliyokuwa ameiacha kule juu tangu jana yake, akateremka polepole hadi nyumbani. Kwa kila mkubwa alishuka. Maswali ya ng'ombe yalikuwa yakimsubiri.